Kutoka Squeezebox ya zamani kwenda Squeezebox Touch: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu mwenye Squeezebox ya rimoti, ile yenye kioo cha maandishi yanayong'aa, ambaye sasa ameona Touch ya mtumba inauzwa au ameahidiwa na ndugu aliye nje. Kwangu zote mbili zinafanya kazi hadi leo, moja sebuleni na nyingine jikoni. Majibu yametokana na maswali ambayo watu huniuliza tena na tena. Pale ambapo jibu limeshatolewa kwingine, nitakuelekeza huko.

## Mambo ya msingi

Squeezebox ni nini, na Touch iko wapi katika ukoo wake?

Squeezebox ni kicheza muziki cha mtandao. Nyimbo zako zinakaa kwenye kompyuta au diski, kicheza muziki kinakaa karibu na amplifaya, na muziki unapita kwenye mtandao wa nyumbani. Zilianzia kwa kampuni ndogo ya California iitwayo Slim Devices, iliyotoa SLIMP3 mwaka 2001 na Squeezebox ya kwanza mwaka 2003. Mwishoni mwa 2005 ikatoka ile ya tatu, ambayo watu huiita SB3 na ambayo baadaye ilipewa jina la Classic. Logitech iliinunua kampuni mwaka 2006.

Touch iliingia sokoni mwaka 2010. Ina skrini ya rangi ya inchi 4.3 unayoigusa kwa kidole, na bado inakubali rimoti. Katika ukurasa huu, nikisema "ya zamani" nina maana ya SB3, kwa sababu ndiyo wengi waliyo nayo. Kama yako ni ya kabla ya hapo, nenda kwenye swali la Squeezebox ya kwanza karibu na mwisho.

Kampuni iliacha kuzitengeneza zamani. Kuhamia Touch leo si kupoteza pesa?

Logitech iliachana na Squeezebox mwaka 2012, na Machi 2024 ikazima mysqueezebox.com, tovuti iliyokuwa inahudumia redio na akaunti za vifaa hivi. Ni kweli, na ukinunua Touch lazima ununue ukijua hivyo.

Lakini kilichozimwa ni tovuti ile. Programu ya seva ni ya chanzo huria, na wapenzi wake hawajaacha kuiendeleza. Mwaka 2024 ilibadilishwa jina ikawa Lyrion Music Server, na inaendelea kutolewa matoleo mapya. Inaitambua Touch, inaitambua SB3, inaitambua hata Squeezebox ya 2003. Ni vifaa vichache vya muziki nyumbani kwangu ambavyo vimehudumiwa kwa uaminifu namna hiyo, na ndiyo sababu nina ari ya kuandika haya yote.

Usichopaswa kutegemea ni vipuri na dhamana. Skrini ikivunjika, utatafuta Touch nyingine iliyokufa uitoe ya kwake.

Kwa nini kila jibu hapa linaitaja seva?

Kwa sababu seva ndiyo kichwa cha mambo yote. Kicheza muziki ni mkono tu. Seva ndiyo inayosoma maktaba yako, inayokumbuka orodha za nyimbo, inayotafuta majalada na inayobadilisha faili ambazo kifaa hakiziwezi. Huwekwa kwenye kompyuta ya Windows, Mac au Linux, kwenye diski ya mtandao, au kwenye Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bodi moja) ambayo haizimwi.

Mtu akiniambia Touch yake ni nzito, haioni nyimbo, au majalada hayaonekani, mara nyingi kasoro iko kwenye seva. Ukiwa na seva iliyotulia, kubadilisha kifaa ni kazi ya nusu saa. Seva ikiwa ovyo, Touch itakuonyesha uovyo huo kwa rangi.

Seva hii imebadilishwa majina mara nyingi: SlimServer, SqueezeCenter, Squeezebox Server, Logitech Media Server, na sasa Lyrion. Ukikuta maelezo ya zamani yenye jina lolote kati ya hayo, ni kitu kilekile.

Touch inanipa nini ambacho SB3 hainipi?

Mambo matatu yana uzito.

La kwanza ni skrini yenyewe. SB3 ina kioo cha nukta 320 kwa 32: mstari mmoja au miwili ya maandishi. Ni kioo kizuri, unakisoma ukiwa upande wa pili wa sebule. Ila kutafuta albamu moja kati ya mia sita kwa kubonyeza mshale wa chini kunachosha. Mama yangu hakuwahi kuizoea rimoti ile. Siku Touch ilipofika, nilimwita, nikafungua orodha ya albamu. Alisogeza kidole polepole kama anayefunua kanga dukani, akaona picha ya bendi aliyokuwa akiisikiliza ujanani, akaigusa. Muziki ukaanza. Tangu siku hiyo hajaniita tena nimwekee nyimbo.

La pili ni kwamba Touch ina tundu la USB na sehemu ya kadi ya SD, hivyo inaweza kucheza muziki hata kompyuta ikiwa imezimwa. Mipaka yake nimeieleza kwenye swali la flashi na diski.

La tatu ni faili za ubora wa juu. Ubora huo hupimwa kwa kHz (sampuli za sauti kwa sekunde, kwa maelfu) na kwa biti. SB3 inaishia kHz 48. Touch inafika kHz 96 kwa biti 24.

Je, sauti itakuwa bora?

Kwa nyimbo zilizotolewa kwenye CD, na kama unatumia DAC ya nje (kigeuzi cha data ya kidijitali kuwa sauti) kupitia waya wa optiki au koaksi, usitarajie tofauti kubwa. Zote mbili zinapeleka data ileile, na DAC yako ndiyo inayotengeneza sauti. Ukitumia soketi nyekundu na nyeupe za RCA, unasikia kigeuzi kilicho ndani ya kila kifaa, na hapo unaweza kupenda kimoja kuliko kingine. Mimi nikiwa sebuleni siwezi kuapa kwamba nazitofautisha.

Ukiwa na shilingi za kutumia kwa ajili ya sauti tu, nunua spika bora. Touch inunuliwe kwa ajili ya kuufikia muziki kwa urahisi.

## Kabla ya kununua

Niangalie nini kwenye Touch ya mtumba?

Omba iwashwe mbele yako, au omba video inayoonyesha mtu akigusa kona zote nne. Usiridhike na picha ya skrini inayowaka. Yangu ya kwanza niliinunua kwa picha. Ilipofika, ukanda wa chini wa skrini, upana wa kidole, ulikuwa hausikii kabisa, na vitufe vya kusimamisha na kusogeza nyimbo viko hukohuko chini. Nikaishia kuiendesha kwa rimoti, yaani nililipia skrini ya kugusa ili nisiiguse.

Angalia pia kama rimoti ipo, kama adapta ni yake, na kama nyuma soketi za RCA hazilegei. Jaribu tundu la USB kwa flashi yoyote. Mikwaruzo midogo kwenye kioo isikusumbue, ukiiwasha haionekani.

Jambo moja zaidi: mwambie muuzaji asiifute na kuirudisha kama mpya kabla ya kukutumia. Sababu iko kwenye swali la siku ya kwanza.

Adapta ya SB3 yangu itafaa kwenye Touch?

Zote mbili hutumia volti 5, lakini hilo pekee halitoshi. Soma ampea zilizoandikwa kwenye lebo. Touch inataka umeme mwingi kuliko SB3, hasa ikibeba diski ya USB, na adapta dhaifu husababisha ugonjwa unaochanganya watu: Touch inawaka, inafika katikati, inajizima, inaanza upya. Wengi hudhani imekufa. Badilisha adapta kwanza kabla ya kuhukumu.

Usichomeke adapta yoyote kwa sababu tu pini imeingia. Nyumba yenye ruta, kamera na king'amuzi ina adapta za volti 9 na 12 zilizofanana kama mapacha. Mimi nimezifunga kila moja kipande cha plasta chenye jina la kifaa chake.

Umeme wetu na wa Marekani ni tofauti. Itaungua?

Soma maandishi madogo kwenye adapta. Ikiandikwa ingizo la 100–240 V, itafanya kazi Tanzania, Kenya na kwingineko bila transfoma. Utahitaji tu plagi ya kubadilisha pini bapa za Marekani kwenda soketi zetu za pini tatu. Ikiandikwa 120 V peke yake, usithubutu. Tafuta nyingine ya volti 5.

Umeme ukikatika ghafla kuna madhara?

Kwa SB3 hakuna cha maana, inarudi na kuitafuta seva. Touch ikitumika kama kicheza muziki tu, nayo inarudi salama. Hatari iko kwenye diski iliyochomekwa kwenye Touch, na kwenye kompyuta ya seva. Umeme ukikatika wakati seva inaandika kwenye kanzidata yake, unaweza kukuta maktaba nusu. Faili zako za muziki huwa zipo. Unachofanya ni kuiamuru seva ifute orodha na kusoma maktaba upya.

Kama unapoishi umeme hukatika kila wiki, weka seva na ruta kwenye UPS ndogo. Touch yenyewe si lazima.

Ninunue Touch, au nijitengenezee kwa Raspberry Pi?

Hili sasa ndilo swali zito, na nimebadilisha msimamo. Zamani ningesema Touch bila kusita. Leo nakuuliza kwanza kama unapenda kufunga na kufungua vitu.

Raspberry Pi yenye programu ya piCorePlayer inageuka kuwa Squeezebox kamili kwa seva. Ukiifunga skrini rasmi ya kugusa ya inchi 7, iliyotoka mwaka 2015, unapata sura inayofanana sana na ya Touch, kwa sababu programu ya Jivelite inayoonekana kwenye skrini hiyo imetokana na ileile ya Touch. Inazidi kHz 96, ina skrini kubwa zaidi, na vipuri vyake vipo madukani. Na kwa mazingira ya umeme wa kukatika ina faida nzuri: piCorePlayer hujipakia yote kwenye RAM ikiwaka, kwa hiyo kadi haichezewi kila saa na kukatika kwa umeme hakuiharibu kirahisi. Ukibadilisha mipangilio kumbuka tu kuihifadhi, la sivyo itapotea ukiwasha tena.

Gharama zake zimejificha kwenye vidogovidogo: bodi, skrini, kasha, adapta nzuri, kadi, na kadi ya DAC juu yake, maana soketi ya sauti ya Pi za kabla ya 5 ni ya kubahatisha na Pi 5 haina kabisa. Jumlisha yote ndipo ulinganishe na bei ya Touch ya mtumba.

Touch inabaki kuwa chaguo langu kwa nyumba yenye wazee na watoto. Ni kitu kimoja, kimekamilika, hakina waya unaoning'inia nyuma ya skrini, na kila tundu liko mahali pake. WiiM Ultra, kicheza muziki cha mtandao kilichotoka 2024, nayo ina skrini ya kugusa ya inchi 3.5, kwa anayetaka kitu kipya cha dukani chenye dhamana.

## Siku ya kuhama

Nianze na nini?

Anza na seva, kabla hata hujafungua boksi. Touch ilikuja pamoja na toleo 7.5 la seva, kwa hiyo kama SB3 yako bado inahudumiwa na SlimServer ya miaka ile, Touch haitaelewana nayo. Weka Lyrion mpya, ielekeze kwenye folda ya muziki, iache isome maktaba mpaka mwisho, kisha hakikisha SB3 yako ya zamani inacheza nayo. SB3 ikicheza, umejua kwamba seva, ruta na faili viko sawa, na tatizo lolote litakalofuata ni la Touch.

Ndipo uiwashe Touch, kwa waya wa mtandao kwanza kama unaweza. Ikiwa bado ina mipangilio ya mmiliki wa kwanza, ingia kwenye menyu ya mitandao, iunganishe na wako, kisha chagua seva yako kwenye orodha ya maktaba. Usikimbilie kuifuta. Touch iliyofutwa yenye programu ya zamani ndani yake huanza kwa kuitafuta mysqueezebox.com, ambayo haipo tena, na mgeni anaweza kudhani kifaa kimekwama. Ukilazimika kuifuta, hakikisha seva yako inafanya kazi kwenye mtandao uleule wakati huo ili iwe na mahali pa kwenda. Ikishaiona seva, pokea matoleo mapya ya programu ya ndani ambayo wapenzi wa Squeezebox wameyaandaa. Yanapitia kwenye seva yenyewe.

Touch haiioni seva, lakini SB3 inaiona. Kwa nini?

Hakikisha ziko kwenye mtandao mmoja. Ruta nyingi zina mtandao wa wageni, na kifaa kilichoingia huko hakioni kompyuta za nyumbani. La pili ni kizuizi cha usalama cha kompyuta: mlango 9000 wa TCP na mlango 3483, wa TCP na wa UDP, lazima iwe wazi. Unaweza pia kuiandikia Touch anwani ya IP ya seva kwa mkono.

Nyaya zangu za zamani zitafaa?

Zitafaa zote. Touch ina RCA, optiki, koaksi, soketi ya hedifoni na tundu la waya wa mtandao, kama SB3. Chomoa huku, chomeka kule.

Orodha zangu za nyimbo na mipangilio vitahama?

Nyimbo pendwa na orodha ulizozihifadhi kwa majina ni mali ya seva, kwa hiyo Touch itazikuta. Kisichohama ni mipangilio ya kifaa kimojakimoja: sauti, kengele, namna ya kuunganisha nyimbo. Seva inakitambua kila kicheza muziki kwa anwani yake ya MAC (namba ya kudumu ya kifaa kwenye mtandao), na kwake Touch ni mgeni.

Foleni inayocheza sasa hivi kwenye SB3 unaweza kuihamisha bila kuhifadhi chochote. Isawazishe Touch na SB3 (zicheze wimbo mmoja kwa pamoja) kwa dakika moja, Touch itachukua foleni ile, kisha zitenganishe. Ya zamani izime, mpya iendelee pale ilipofika.

Mbona majalada ya albamu hayaonekani, au yanaonekana machache?

Kwa sababu SB3 haikuwa na picha, na wengi wetu hatukujali majalada kwa miaka yote hiyo. Touch inatudai deni hilo siku ya kwanza.

Njia nyepesi ni kuweka picha iitwayo cover.jpg au folder.jpg ndani ya folda ya kila albamu, kisha kuiamuru seva isome upya. Picha iwe ya mraba. Seva yenyewe itaipunguza ilingane na skrini.

Kwa muziki wetu kazi ni kubwa zaidi, maana sehemu ya maktaba yangu ilitoka kwenye kanda ambazo picha zake hazipo popote mtandaoni. Kanda za taarab alizokuwa akinunua mama zilirekodiwa dukani, na jalada lake ni kipande cha karatasi chenye mistari, majina ya nyimbo yameandikwa kwa kalamu ya wino wa bluu, na pembeni muhuri wa duka uliofifia. Nilizilaza moja moja karibu na dirisha asubuhi, nikazipiga picha kwa simu. Jalada la kanda ni refu, si mraba. Ukiliacha hivyo linaonekana dogo katikati ya weusi. Nimekata picha pale mwandiko unaposomeka. Sasa kwenye Touch mwandiko wa mwenye duka unaonekana wenyewe, na ndilo jambo ninalolipenda kuliko yote kwenye skrini ile.

Albamu moja ya taarab imekatika vipande sita. Nifanyeje?

Kundi ni moja, lakini kila wimbo una mwimbaji wake. Kama kwenye tagi za faili (maelezo ya wimbo yaliyo ndani ya faili yenyewe) umeandika jina la mwimbaji kama msanii, na faili hazisemi albamu ni ya nani, albamu inaweza kutawanyika chini ya majina mengi. Kwenye SB3 hukuona kwa urahisi. Kwenye Touch jalada lileile linajirudia mara sita.

Dawa ni tagi ya ALBUMARTIST. Andika humo jina la kundi kwa nyimbo zote za albamu, Culture Musical Club kwa mfano, na uache jina la mwimbaji pale lilipo kwa kila wimbo. Mkusanyiko wa bendi tofauti upe tagi ya COMPILATION yenye thamani 1. Angalia pia tahajia: Ikhwani Safaa, Ikhwan Safaa na Ikhwani Swafaa kwa seva ni makundi matatu.

Rimoti ya zamani itaiendesha Touch?

Ndiyo, kwa sehemu kubwa, kwa kuwa alama za miale ni za ukoo mmoja. Na kuna jambo zuri la kuona: ukigusa skrini kwa kidole, maandishi ni madogo na vitu ni vingi, ukishika rimoti, Touch inajua uko mbali na inakuza maandishi yenyewe.

Hasara yake inatokea ukiziweka zote mbili chumba kimoja. Ukibonyeza mara moja, zinasikia zote. Zima upokeaji wa rimoti kwa moja kati yake kwenye mipangilio ya seva, au igeuzie ukuta.

## Wi-Fi na waya

Touch haiioni Wi-Fi ya ruta yangu mpya.

Wi-Fi ya Touch ni ya kiwango cha 802.11g, kwenye GHz 2.4 pekee, sawa na SB3. Ruta iliyowekwa GHz 5 peke yake haitaonekana. Iliyowekwa usalama wa WPA3 peke yake itaonekana labda, lakini haitaikubali. Weka WPA2 kwenye GHz 2.4.

Muziki unakatika katikati ya wimbo.

Piga hesabu kwanza. Wimbo wa CD usiobanwa ni megabiti 1.4 kwa sekunde. Faili ya biti 24 kwa kHz 96 isiyobanwa ni megabiti 4.6, na FLAC, aina ya faili inayobana muziki bila kupoteza ubora, huipunguza. 802.11g ikiwa na mawimbi mazuri inabeba hiyo bila shida. Ikiwa nyuma ya kuta mbili za tofali na majirani kumi kwenye chaneli moja, haibebi. Jaribu chaneli 1, 6 au 11, uone ipi imetulia.

Waya unamaliza yote. Mita kumi na tano za waya wa mtandao ni bei ndogo kuliko usiku mmoja wa kubishana na ruta.

## Bila kompyuta

Nikichomeka flashi au diski kwenye Touch, bado nahitaji seva?

Kwa nyimbo zilizo humo, hapana. Touch ina seva ndogo ndani yake itakayosoma diski na kukupa maktaba yenye majalada. FAT32 na NTFS zinasomeka.

Lakini kumbuka hiki ni kifaa chenye RAM ya MB 128. Maktaba ndogo inakwenda vizuri. Maktaba kubwa yenye picha nzito itachukua muda mrefu kusomwa, kisha kila mguso utasubiri. Seva hiyo ndogo pia haibadilishi faili za aina isiyoziweza, wala haipokei programu-jalizi. Mimi huitumia kwa safari na sherehe: flashi moja yenye albamu arobaini, Touch, spika, basi.

Diski kubwa iwe na umeme wake yenyewe, na kabla ya kuichomoa tumia menyu ya kuitoa salama.

Redio za mtandaoni bado zinawezekana?

Zinawezekana kupitia Lyrion na programu-jalizi zake, au kwa kumpa seva anwani ya mkondo wa kituo na kuuhifadhi kwenye pendwa. Vituo vingi sasa vinarusha kwa HTTPS, ambayo SB3 haiijui. Seva huuchukua mkondo kwa niaba yake na kumpelekea.

## Mambo yasiyo ya kawaida

Nina faili za kHz 192. Touch itazicheza?

Seva itazishusha hadi kHz 96 njiani, wala hutaona chochote. Ukitaka zipite zilivyo, kuna programu-jalizi iitwayo EDO, iliyoandikwa na mtu ajulikanaye kama Triode, inayofungua kHz 192 kwenye matokeo ya kidijitali ya Touch na kuiruhusu itumie DAC ya USB. Ni kazi ya mtu aliye tayari kuanza upya akikosea.

Nikisawazisha SB3 na Touch, ubora wa Touch utashuka?

Kwa faili za juu ya kHz 48, ndiyo. Seva hupeleka kwa kundi zima kiwango ambacho kila aliyemo anakiweza. Zitenganishe unapotaka kusikiliza kwa makini. Kwa nyimbo za CD hakuna kinachobadilika, na zinakwenda pamoja vizuri: unatoka sebuleni kwenda jikoni na wimbo haujakatika.

SB3 yangu ilikuwa inaipa TV mtandao kupitia tundu lake la nyuma. Touch itaendelea kufanya hivyo?

Hapana. SB3 ya Wi-Fi iliweza kuwa daraja kati ya Wi-Fi na kifaa cha waya. Touch haina kipengele hicho kwenye mipangilio yake. Watu wachache walikuwa wanalitumia daraja hilo, lakini waliolitumia hushangaa TV ikikosa mtandao siku ya kuhama.

Nina Squeezebox ya kwanza kabisa, si SB3. Kuna tofauti?

Kubwa. Hiyo haichezi FLAC yenyewe, seva inambadilishia. Wi-Fi yake ni ya 802.11b na haijui WPA, kwa hiyo kwa ruta ya leo itumie kwa waya tu. Ukihama kutoka hiyo kwenda Touch, utaiona tofauti hata bila skrini.

SB3 niiuze?

Usiiuze kabla hujaishi na Touch mwezi mzima. Yangu iko juu ya kabati la jikoni, imeunganishwa na spika mbili zenye amplifaya ndani, na inapokea maagizo kutoka kwenye simu kupitia ukurasa wa seva, anwani ya IP ikifuatiwa na :9000. Kioo chake kimefifia kwa miaka, nimeshusha mwanga usiku ili kisizidi kuchoka. Saa inaonekana, jina la wimbo linapita. Kama na wewe utaiweka jikoni, ipandishe juu ya usawa wa jiko, mbali na mvuke.